Nani Anafuata Baada ya Huyu

Ubovu wa orodha iliyogawanywa kurasa huonekana mwisho wa mwezi. Kuna Sacco moja ya hapa Nairobi ninayoitunzia mfumo wa malipo. Pesa zake huingia kwa njia mbili: wanachama hutuma kwa M-Pesa saa yoyote wanayotaka, na waajiri huleta makato ya mshahara kwa mkupuo. Mshahara ukitoka, mhasibu hukaa mbele ya skrini, malipo mapya yakiwa juu, akisoma mstari mmoja mmoja na kulinganisha na karatasi zake. Siku moja alifika chini, akabonyeza "Ukurasa unaofuata", na mistari mitatu ya kwanza ya ukurasa wa pili ikawa ni ile ile aliyotoka kuimaliza. Mtu wa programu akiona hivyo huwaza hitilafu. Mtu wa Sacco akiona malipo yametokea mara mbili huwaza wizi, na simu inapigwa kwa sauti ya namna hiyo.

Hakuna kilichoingizwa mara mbili. Kati ya mbonyezo wa kwanza na wa pili, wanachama watatu walikuwa wametuma pesa. Malipo yao yalikaa juu ya orodha na kuwasukuma wengine wote chini hatua tatu. Swali ambalo mfumo wa zamani ulikuwa ukiiuliza hifadhidata ni hili, ambalo kila mtu aliyejifunza SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, amewahi kuliandika:

SELECT id, mwanachama, kiasi, wakati
FROM malipo
ORDER BY wakati DESC
LIMIT 50 OFFSET 50;

Panga malipo yote, mapya mbele, ruka 50, nipe 50 yanayofuata. Kuruka huko kunahesabiwa kuanzia juu ya orodha ilivyo sasa hivi, wala si ilivyokuwa mhasibu alipofungua ukurasa wa kwanza. Na kuna upande wa pili wa sarafu. Malipo yakibatilishwa na mstari ukaondolewa juu, waliobaki wanapanda hatua moja, na mmoja wao anavuka kutoka ukurasa wa pili kwenda wa kwanza bila mhasibu kumwona popote. Hilo ndilo baya zaidi. Anayeona kitu mara mbili atauliza, lakini asiyekiona kabisa hana la kuuliza.

Ukipita katikati ya jiji saa kumi na mbili jioni utakuta foleni za matatu zimejipinda hadi kona ya pili. Muulize mtu, "Wa arobaini ni nani?" Itabidi ahesabu kuanzia mbele, na kabla hajafika, gari la watu 14 limejaa na kuondoka, na yule aliyekuwa wa 40 sasa ni wa 26. Muulize badala yake, "Nyuma ya yule mama mwenye mkoba mwekundu kuna nani?" Jibu ni la papo hapo, na magari yaondoke mangapi mbele, aliye nyuma ya mama ni yule yule. Kugawa kurasa kwa kishale (cursor) ni swali la pili hilo. Kishale ni kumbukumbu ndogo ya mahali ulipoishia: mstari wa mwisho uliouona ulikuwa na thamani hizi, nipe wanaoufuata.

Nimeanza na usahihi kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakizungumzia jambo hili huanza na kasi. Kasi nayo ina maneno yake. Hifadhidata haina ngazi ya kurukia mstari wa 200,000. Nyaraka za PostgreSQL, hifadhidata tunayoitumia, zenyewe zinasema waziwazi kwamba mistari inayorukwa na OFFSET bado ni lazima ikokotolewe ndani ya seva, hivyo OFFSET kubwa huenda ikawa mzigo. Kwa ukurasa wa kwanza inasomwa mistari 50 na kazi imekwisha. Kwa OFFSET 200000 inasomwa mistari 200,050, kisha 200,000 inatupwa. Mtu anayeipekua orodha yote mwanzo hadi mwisho kwa njia hiyo anailazimisha seva kusoma mwanzo wa orodha tena na tena, na jumla ya kazi inakua kwa mraba wa idadi ya kurasa. Markus Winand, mtaalamu wa SQL kutoka Austria, amepiga kampeni dhidi ya jambo hili kwa miaka mingi kwa kaulimbiu ya #NoOffset, na bado mafunzo mengi ya mwanzo yanaendelea kufundisha OFFSET kama vile hakuna njia nyingine.

Halafu kuna lile pambo la "Ukurasa 1 kati ya 4312". Ili kuliandika lazima uhesabu mistari yote. PostgreSQL huweka matoleo kadhaa ya mstari mmoja ili wengi wasome na kuandika kwa wakati mmoja bila kuzuiana, na kwa sababu hiyo haina jumla iliyowekwa tayari mahali fulani. Inapita na kuhesabu. Unalipa gharama hiyo kila ukurasa unapofunguliwa, ili kuonyesha nambari ambayo sijawahi kumwona mtu akiitumia kwa lolote.

Swali letu jipya lina umbo hili, $1 na $2 zikiwa ni wakati na id za mstari wa mwisho uliouona:

SELECT id, mwanachama, kiasi, wakati
FROM malipo
WHERE (wakati, id) < ($1, $2)
ORDER BY wakati DESC, id DESC
LIMIT 51;

Ukiwa na faharasa (index) juu ya wakati na id, kwa mpangilio huo, PostgreSQL inateremka kwenye mti wa B hadi pale kishale kinapoelekeza, kisha inasoma mistari 51 mfululizo na kusimama. Mti huo Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni wakiwa watafiti wa Boeing na kuuchapisha mwaka 1972, na hadi leo ndio unaobeba faharasa za kawaida za karibu kila hifadhidata ya SQL. Uwe ukurasa wa pili au wa elfu nne, kazi ni ile ile. Mstari wa 51 hauonyeshwi kwa mtu. Kazi yake ni kutujulisha kama kuna zaidi, ili kitufe cha "Endelea" kionekane au kifichwe, bila kuhesabu chochote.

Ulinganisho huo wa mabano mawili unasomeka hivi: wakati ni mdogo zaidi, au wakati ni sawa na id ni ndogo zaidi. PostgreSQL inauelewa vizuri na kuutumia pamoja na faharasa. SQLite inaukubali tangu toleo la 3.15 la 2016. SQL Server haiukubali kabisa. MySQL inaukubali, lakini nyaraka zake zinakushauri uuandike kwa urefu, kwa OR na AND, ili faharasa itumike ipasavyo. Na kama safu moja inapanda na nyingine inashuka, mabano hayakusaidii popote. Andika kwa urefu.

Sasa, kwa nini id iwemo? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo vishale vingi ninavyoviona vinapovuja.

Mwajiri akileta makato, huleta faili moja yenye majina mamia kadhaa. Mfumo unaingiza majina yote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ama yote yaingie ama lisiingie hata moja, kama inavyopasa. Safu ya wakati inajazwa na now(). Katika PostgreSQL, now() hairudishi saa ya sasa hivi. Hurudisha saa ambayo muamala ulianza, na haibadiliki hadi muamala uishe. Kwa hiyo mistari hiyo mamia kadhaa yote ina wakati mmoja, hadi tarakimu ya mwisho.

Weka sasa kishale chenye wakati pekee. Ukurasa wa kwanza ukikatikia katikati ya mkupuo huo, swali la pili litasema "wakati mdogo kuliko huu", na nusu nzima ya mkupuo iliyobaki itarukwa. Wanachama mia na hamsini hawaonekani, na hakuna kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Mjanja atabadilisha alama iwe "mdogo au sawa". Basi mistari ile ile inarudi, na kwa kuwa mkupuo ni mkubwa kuliko ukurasa, kila ukiomba ukurasa unaofuata unapewa ule ule. Mhasibu atabonyeza "Endelea" hadi jioni.

Mjanja wa pili atasema tutumie clock_timestamp(), ambayo husogea hata ndani ya muamala. Inapunguza migongano lakini haiimalizi, kwani miunganisho miwili inaweza kuandika kwa wakati ule ule hasa. Isitoshe, kwa maoni yangu, mkupuo mmoja kuwa na wakati mmoja ni ukweli unaofaa kuhifadhiwa. Faili liliingia mara moja. Dawa ni kuufanya mpangilio uwe kamili, yaani mistari miwili isiwe sawa kamwe mbele ya ORDER BY. Ongeza mwishoni safu isiyojirudia. Si lazima safu hiyo iwe na maana kwa mtu. Inatosha iwe ya kipekee na isibadilike.

Mwenzangu alipendekeza tutumie nambari ya M-Pesa, ile yenye herufi na tarakimu 10, kwa kuwa haijirudii. Wazo si baya, ila makato ya mwajiri hayana nambari hiyo. Tena maandishi hupangwa kwa kanuni za lugha zilizowekwa kwenye mfumo endeshi, na kanuni hizo zinaweza kubadilika chini ya miguu yako: glibc 2.28, toleo la mwaka 2018 la maktaba ya msingi ya Linux, ilibadilisha mpangilio wa maandishi, na waliokuwa wakiendesha PostgreSQL juu ya Linux ikabidi wajenge upya faharasa za safu za maandishi. Id ya nambari haina mambo hayo. Ukitumia UUID, kitambulisho kirefu cha kipekee, toleo la 4 ambalo ni la bahati nasibu linafaa vizuri kama kitenganishi cha mwisho, na toleo la 7, lililorasimishwa katika waraka wa viwango RFC 9562 wa mwaka 2024, huanza na wakati kwa milisekunde, hivyo hata peke yake linaweza kubeba mpangilio wa jumla.

Kufikia hapo hifadhidata imetulia. JavaScript, lugha ya programu yetu, nayo inakuja na mambo yake, na hili la kwanza lilinifurahisha kwa jinsi lilivyojificha.

PostgreSQL huhifadhi wakati kwa usahihi wa mikrosekunde, tarakimu sita baada ya sekunde. Date ya JavaScript ina milisekunde, tarakimu tatu. Maktaba ya pg, ile inayounganisha Node (JavaScript ya upande wa seva) na PostgreSQL, hugeuza safu ya wakati kuwa Date bila kukuuliza. Mstari wako wa mwisho uliandikwa saa 10:15:42.318457, ndani ya JavaScript umekuwa 10:15:42.318, na kishale kinatengenezwa kutokana na hicho kilichokatwa. Ukirudi kwenye hifadhidata na swali la kushuka, unaomba mistari iliyo chini ya .318000. Yote iliyo kati ya .318000 na .318457 imepotea. Orodha ikiwa ya kupanda inakuwa kinyume: mstari wa mwisho uliokwisha kuuona unarudi tena juu ya ukurasa, kwa sababu .318457 ni kubwa kuliko .318000.

Kwenye tarakilishi yako, ukijaribu na mistari ishirini uliyoiingiza kwa mkono, hutaliona jambo hili. Linahitaji malipo mawili ndani ya milisekunde moja, tena mpaka wa ukurasa uangukie hapo hapo. Mwisho wa mwezi hutimiza masharti hayo bila kuombwa. Dawa ziko kadhaa. Unaweza kuisoma safu kama maandishi, wakati::text, na kuibeba hivyo hivyo hadi irudi. Unaweza kuiambia pg isiguse aina hiyo, types.setTypeParser(1184, v => v), ambapo 1184 ni nambari ya timestamptz ndani ya PostgreSQL. Au unaweza kuitangaza safu yenyewe kuwa timestamptz(3), ili hifadhidata nayo iwe na milisekunde tu na pande zote mbili zikubaliane. Mimi napendelea ya kwanza. Inagusa swali moja tu, na anayesoma msimbo anaiona.

Id nazo zina mtego wa ukoo huo huo. Namba kamili ya JavaScript ni salama hadi 9007199254740991, yaani mbili kwa kipeo cha 53, toa moja. Mpe JSON.parse, kisomaji cha data cha JavaScript, 9007199254740993 na atakurudishia 9007199254740992 bila haya. Twitter walikutana nalo mwaka 2010 walipohamia id ndefu, wakalazimika kuongeza id_str, id ile ile ikiwa maandishi, kwa ajili ya wasomaji wa JavaScript. Ndiyo maana pg hurudisha bigint, namba kamili kubwa, kama maandishi. Mara kwa mara mtu huona "maandishi" mahali alipotarajia namba, akakunja uso, akaweka Number() "kusafisha". Mzuie. Sacco yetu haitafikisha malipo hayo yote hata wajukuu wakiirithi, lakini id za mifumo mingine mnayounganisha nayo huenda zikawa zimefika tayari.

Sasa maktaba za Node za kuzungumza na hifadhidata. Prisma ina kishale ndani yake: unaipa cursor yenye safu ya kipekee, take kwa idadi, na skip: 1, kwa kuwa mstari wa kishale wenyewe hujumuishwa katika jibu na usiporuka huo mmoja utauona mara mbili. Kurudi nyuma ni take ya namba hasi. Knex haina neno lake la kishale, unaandika mwenyewe,.whereRaw('(wakati, id) < (?, ?)', [wakati, id]), na sioni aibu yoyote katika hilo. Objection.js, inayosimama juu ya Knex, ina page(), ambayo ni OFFSET pamoja na hesabu ya jumla kwa pigo moja, na kuna kiongezi kiitwacho objection-cursor kinacholeta cursorPage(), kinachotengeneza kishale kutokana na orderBy zako zenyewe.

Kabla ya kuchagua yoyote kati ya hizo, au nyingine utakayoikuta npm, ghala la maktaba za JavaScript, mimi huuliza kitu kimoja: kishale chake kinabeba nini? Zipo zinazobeba id ya mstari tu, kisha huenda kuutafuta mstari huo kwanza ili kujua ulikuwa wapi kwenye mpangilio. Zipo zinazobeba thamani zenyewe, wakati na id. Tofauti inaonekana mstari ule ukifutwa. Aina ya kwanza haina pa kusimama. Aina ya pili haijali kama mstari bado upo, kwa sababu inatafuta mahali tu, na mahali hapafutwi. Katika mfumo ambao malipo hubatilishwa, nachagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Swali langu la pili kwa maktaba yoyote ni inafanya nini na NULL, yaani mahali pasipo na thamani. Orodha ya mikopo iliyopangwa kwa tarehe ya kuidhinishwa ina mikopo isiyoidhinishwa bado, na tarehe yake ni NULL. Chochote ukilinganisha na NULL jibu si ndiyo wala hapana, na WHERE huutupa mstari wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, PostgreSQL huweka NULL mwishoni orodha ikipanda, na MySQL huiweka mwanzoni. Ukiacha hivyo, kishale kikifika mpakani mwa NULL, mikopo iliyobaki inatoweka. Tumia COALESCE, inayoweka thamani nyingine badala ya NULL, yenye tarehe ya mbali, na faharasa iwe juu ya usemi huo huo. Au, bora zaidi, gawa orodha mbili: iliyoidhinishwa na inayosubiri. Afisa wa mikopo alituambia ndivyo anavyozisoma hata hivyo.

Kishale kikitoka kwenda kwenye kivinjari, mazoea ni kukifunga kwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na maelezo ya Relay, maktaba ya JavaScript, yaliyotoka Facebook pamoja na GraphQL, lugha ya kuombea data, mwaka 2015, yanasisitiza kwamba mpokeaji asikichungulie: anapewa endCursor, anairudisha kwenye after kama alivyopewa. Napenda utaratibu huo kwa sababu moja ya kazi: kesho nikibadilisha kilichomo, hakuna programu ya simu itakayovunjika. Lakini Base64 si kufuli. Kijana yeyote mwenye kivinjari ataifungua na kuifunga upya apendavyo. Kwa hiyo tawi na ruhusa za msomaji hazitoki kwenye kishale hata siku moja. Hutoka kwenye kikao chake, kila ombi, na WHERE ya ruhusa iko palepale daima. Ndani ya kishale tunaweka pia jina la mpangilio kilikotengenezewa. Mtu akibadilisha orodha kutoka "kwa wakati" kwenda "kwa kiasi" huku akiwa bado na kishale cha zamani, seva inakikataa na kuanza juu, badala ya kulinganisha shilingi na tarehe.

Njia hii ina faida nyingine ambayo sisi wa huku tunaihisi kuliko wanaoandika maktaba hizi. Wanachama wengi hufungua taarifa zao kwenye simu, kwa bando, wakiwa njiani. Mtandao ukikatika katikati ya ombi, simu inatuma tena kishale kile kile na kupata kilekile kilichokusudiwa. Kurudia ombi hakumgharimu msomaji mstari hata mmoja.

Nitaje kwa kupita kwamba hifadhidata nazo zina vishale vyao vya ndani: DECLARE, kisha FETCH 100, kisha FETCH tena, na Node ina pg-cursor kwa kazi hiyo. Ni vizuri kwa programu inayosoma jedwali zima ndani ya seva na kumaliza. Kwa ukurasa wa wavuti ni balaa, maana muunganisho na muamala hubaki wazi muda wote mtu anaposoma, na mtu huenda chai. PostgreSQL huja na max_connections, kikomo cha miunganisho, ya 100. Wahasibu wachache na chai yao wataziba mlango.

Tulipoiondoa mistari ya nambari za kurasa chini ya orodha, nilijua simu itakuja.

"Injinia, ukurasa wa saba umeupeleka wapi?"

"Mama, ukurasa wa saba wa lini?"

Kimya kidogo. "Ule wenye makato ya wiki jana."

Basi tukaongea vizuri. Kumbe saba ilikuwa kisio: alijua kwa uzoefu kwamba siku za kawaida, wiki moja nyuma huangukia kati ya ukurasa wa sita na wa nane, akawa anabahatisha, anasogea mbele, anarudi nyuma. Alichokuwa akitafuta ni siku. Na kishale kinachobeba thamani kinaweza kutungwa bila kuwepo mstari wowote: anachagua Jumanne kwenye kalenda, seva inatengeneza kishale cha mwisho wa Jumanne, na orodha inaanzia hapo, ikiendelea mbele na nyuma kwa msimbo ule ule. Uangalifu pekee ni wa saa. Hifadhidata yetu hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na Jumanne ya Nairobi, inayoanza saa sita usiku, kwa UTC bado ni Jumatatu saa 21:00. Afrika Mashariki tuna bahati kwamba saa zetu hazisogezwi mara mbili kwa mwaka kama za Ulaya, kwa hiyo tofauti ni saa tatu mwaka mzima.

Kurudi nyuma, kwa anayejiuliza, ni kugeuza alama iwe kubwa, kugeuza ORDER BY iwe ya kupanda, kuchukua 51, kisha kuigeuza safu ya majibu ndani ya JavaScript kabla ya kuionyesha. Faharasa ni ile ile, maana PostgreSQL huisoma pande zote mbili.

Sijaifuta OFFSET kila mahali. Orodha ya kaunti 47 haihitaji kishale, wala orodha ya matawi. Kitu kidogo kisichosogea kiacheni na nambari zake.

Kilichobaki kigumu ni kazi ya usiku inayopeleka malipo kwenye mfumo wa ripoti. Hiyo husoma kwa kupanda: nipe yote baada ya kishale cha jana, hifadhi kishale kipya. Hapa mpangilio kamili peke yake hautoshi. Muamala wa makato ulioanza saa 22:00:00 hubeba wakati huo, lakini hauonekani kwa wengine hadi ukamilike, tuseme saa 22:00:40. Msomaji akipita saa 22:00:30 na kuokota malipo ya M-Pesa ya saa 22:00:20, kishale chake kimeshavuka 22:00:00. Makato yakikamilika yanajitokeza nyuma yake, na hatarudi huko tena. Kutumia id badala ya wakati hakuponyi, kwani nambari za mfuatano nazo hutolewa kabla muamala haujakamilika.

Msomaji wetu wa usiku kwa hiyo haruhusiwi kufika sasa hivi. Husoma hadi dakika tano zilizopita na kusimama, na kinachoingia ndani ya dakika hizo kinasubiri zamu inayofuata. Mpaka huo una maana tu ikiwa hakuna muamala wa kuandika unaoishi zaidi ya dakika tano, na kwa hilo PostgreSQL 17, ya mwaka 2024, imeleta transaction_timeout, inayoukata muamala wowote uliopitisha muda uliowekwa. Yetu imewekwa dakika tatu.